"Dokta, nikinywa maji nitakojoa wapi?"

Ilikuwa Februari, saa tisa alasiri, alipoingia chumbani kwangu dereva mmoja wa daladala akitembea amejikunja, mkono umeshika kiuno upande wa kushoto. Maumivu yalimwanza akiwa katikati ya foleni, kwenye kipande ambacho mkandarasi alikuwa amefumua upande mmoja wa barabara na magari yanapita kwa zamu. Yalianzia ubavuni, yakashuka hadi kinenani, yakamtoa jasho na kumtapisha. Konda alidhani ni malaria. Abiria wakashushwa, gari likaachwa pembeni, yeye akaletwa kwa bodaboda.

Vipimo vilionyesha jiwe kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu. Lilikuwa dogo, la kutoka lenyewe. Baada ya sindano ya maumivu kumtuliza, nikamwambia maneno ambayo huwa nawaambia wagonjwa wa aina yake: kunywa maji mengi. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto, kisha akasema, "Dokta, nikinywa maji nitakojoa wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala ya leo, msomaji wangu, nimeiandika kwa sababu ya swali lile.

Kama unaishi Dar es Salaam, ujenzi wa barabara si habari ngeni kwako. Ilianza Barabara ya Morogoro kufumuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kubeba abiria mwaka 2016. Ikaja Kilwa kuelekea Mbagala, ikaja Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, ikaja Bagamoyo kuelekea Tegeta. Kila mtu ana zamu yake ya kula vumbi. Na kazi hizi hupamba moto wakati hakuna mvua. Januari na Februari, kabla masika hayajaanza, ndiyo miezi ambayo greda na vijiko havilali, na ndiyo hiyohiyo miezi ya joto kali jijini, mchana kipimajoto kikifika nyuzi 32 na zaidi.

Sitaki kukueleza jinsi foleni inavyokera, maana hilo unalijua kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya kile ambacho saa mbili za kusogea na kusimama zinaufanyia mwili wako, na unachoweza kukifanya kesho asubuhi.

Turudi kwa dereva wetu. Alikuwa anaamka saa tisa usiku, anakunywa kikombe cha chai, basi. Maji anayagusa jioni akishamkabidhi tajiri hesabu. Katikati hapo anakunywa chupa mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu ili asisinzie. Hesabu yake ni rahisi na ina mantiki: ukishaingia kwenye mchepuko huwezi kutoka, na ukitoka kwenda kutafuta choo abiria watashuka wote.

Tatizo ni kwamba figo haziachi kazi kwa sababu wewe umeacha kunywa. Damu inaendelea kusafishwa, uchafu unaendelea kutolewa, ila sasa unatolewa na maji kidogo sana. Mkojo unakuwa mzito, wa rangi ya chai ya rangi. Chumvichumvi zilizopaswa kuyeyuka ndani yake zinaanza kugandana, na baada ya miezi au miaka una changarawe ndani ya figo. Jasho la kwenye gari lisilo na kiyoyozi linaongeza kasi ya jambo hilo, kwa sababu maji yanayotoka kwenye ngozi hayapiti kwenye figo. Na hizo chupa mbili za kuongeza nguvu hazimsaidii. Zina kafeini na sukari nyingi, zinaahirisha usingizi tu.

Kwa akina mama hali ni mbaya zaidi, na wengi hawaisemi. Mwanaume akizidiwa atashuka, atajificha nyuma ya kontena. Mwingine atatumia chupa, kisha aitupe mtaroni, na anayeiokota baadaye ni kibarua wa mkandarasi. (Ndugu yangu, kama unatumia chupa, rudi nayo nyumbani.) Mwanamke hana hata njia hiyo. Kwa hiyo anafanya mambo mawili kwa pamoja: hanywi, na kile kidogo kilichopo anakibana. Mkojo uliokaa muda mrefu kwenye kibofu ni mahali pazuri pa bakteria kuzaliana, na mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, hivyo bakteria hufika kibofuni kwa urahisi. Matokeo yake ni UTI inayorudi kila baada ya miezi miwili, na mgonjwa anayezunguka maduka ya dawa akinunua antibayotiki bila kupima.

Kibofu cha mtu mzima hubeba kama nusu lita. Hupasuki ukibana mara moja moja. Kinacholeta madhara ni mazoea, kila siku, mwaka mzima.

Sasa jibu la swali. Kwanza, gawa maji yako kwa saa. Kama unatoka saa kumi na moja alfajiri, kunywa sehemu kubwa ya maji jioni ya jana na glasi moja ukiamka, kisha nenda chooni mara mbili kabla ya kuondoka, mara ya pili ukiwa umeshavaa viatu. Njiani piga mafunda madogo madogo badala ya kumaliza chupa kwa mkupuo. Mafunda madogo mwili huyatumia, chupa nzima kwa mkupuo sehemu kubwa hugeuka mkojo haraka. Ukifika kazini, hapo ndipo unywe vya kutosha. Kipimo chako si idadi ya glasi, ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, uko salama. Ukifanana na chai ya rangi, una deni.

Pili, zijue vyoo zako. Kila njia ina sheli, msikiti, kanisa, zahanati au mgahawa kabla ya kipande kibovu. Chagua viwili unavyoweza kuvifikia, jenga uhusiano na mlinzi. Najua inasikika kama mzaha, lakini dereva wetu alipokaa na kufikiri aligundua kwamba kwenye kituo cha mwisho, mita chache kutoka pale anapogeuza gari, kuna msikiti wenye vyoo safi. Amekuwa akigeuza pale miaka minne.

Na niseme na upande wa pili. Mkandarasi huweka choo kwa ajili ya vibarua wake, na ni sawa. Lakini barabara inapobanwa kwa mwaka mzima, na maelfu ya watu wanakwama sehemu ileile kila siku, sioni kwa nini mradi usiwe na vyoo vya wapita njia pia, hata vya kulipia. Bajeti ya barabara haiwezi kushindwa na matundu sita ya choo.

Kuna kundi lingine linaloathiriwa na jambo hili hili la mkojo, na linanitia hofu kuliko mawe ya figo. Ni wagonjwa wa shinikizo la damu na wa moyo wanaotumia vidonge vya kupunguza maji mwilini. Vidonge hivi humfanya mtu akojoe sana, na mgonjwa anayekaa Bunju au Chanika na kufanya kazi mjini ameshajua kwamba akimeza asubuhi ataumbuka njiani. Kwa hiyo hamezi. Hamwambii daktari. Anakuja kliniki presha iko juu, daktari anamwongezea dawa nyingine, kumbe ile ya kwanza iko kwenye droo haijaguswa.

Kama ni wewe, usione aibu kusema. Dawa hizi zina saa zake. Furosemide, kwa mfano, huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na makali yake huisha baada ya kama saa sita. Wagonjwa wengi wanaweza kuimeza wakishafika kazini badala ya kabla ya kutoka. Wengine daktari anaweza kuwabadilishia dawa kabisa. Usijibadilishie mwenyewe, lakini lifikishe suala hilo kliniki kwa maneno haya haya: "Dokta, njiani nakaa saa mbili, choo hakuna."

Wenye kisukari, foleni inawahusu kwa namna yake. Mtu anajidunga insulini nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akitegemea kunywa chai ofisini saa moja. Saa mbili bado yuko nyuma ya lori la kifusi. Insulini haijui habari za foleni, inaendelea kushusha sukari. Anaanza kutetemeka, jasho jembamba, mapigo ya moyo kwenda mbio, kisha hasira zisizo na sababu na macho kuona ukungu. Akiwa nyuma ya usukani watu hudhani amelewa. Sukari ikishuka chini ya 4 inahitaji kupandishwa papo hapo, na usiendelee kuendesha. Sogea pembeni, zima gari, kunywa nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile yenye sukari, au koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, halafu kula kitu kigumu kidogo. Usiondoke mpaka kichwa kiwe safi kabisa. Weka soda au glukosi mahali mkono unapofika, usiweke kwenye buti.

Hapo hapo, usiache insulini kwenye gari. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hukaa takribani wiki nne ikiwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 hadi 30, na dashibodi ya gari lililosimama juani Dar hupita hapo kwa mbali. Ikishaharibiwa na joto inaweza kuonekana vilevile kwa macho, ila haifanyi kazi.

Tuje kwenye hewa. Vumbi la barabara inayojengwa si la aina moja. Lile jekundu la moramu unaloliona kwenye kola ya shati ni chembe kubwa, nyingi zinaishia puani na kooni. Zinakukera, unapiga chafya, unakohoa, yanakwisha. Zinazoleta shida ni zile usizoziona, zenye upana usiofika sehemu moja ya ishirini ya unywele wako, kutoka kwenye moshi wa dizeli na kwenye ukataji wa zege. Hizo hupita pua na koo zikafika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Moshi wa dizeli, Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani liliuweka mwaka 2012 kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la zege lina silika, ambayo wanaoivuta kwa miaka, hasa vibarua wanaokata zege bila barakoa, hupata makovu ya mapafu yasiyotibika.

Wewe unayepita saa mbili kwa siku huko mbali na hali ya kibarua. Lakini kama una pumu, au umebeba mtoto mwenye pumu, saa mbili zinatosha kabisa. Kwenye gari lenye kiyoyozi funga vioo na bonyeza kile kitufe chenye mshale unaozunguka, ili hewa ya ndani izunguke badala ya kuvuta ya nje. Ukishatoka kwenye vumbi kifungue au shusha vioo kwa dakika chache, kwa sababu hewa mliyokwisha kuipumua ikijaa ndani mnaanza kupiga miayo na kusinzia. Kichujio cha kiyoyozi nacho hubadilishwa, na ukipita kwenye ujenzi kila siku usisubiri fundi akukumbushe. Kwenye daladala au bajaji huna kitufe. Hapo kitakachokusaidia ni barakoa inayobana vizuri usoni, ya aina ya N95. Khanga au kitambaa kinazuia vumbi jekundu tu. Na dawa ya pumu ya kuvuta itembee nawe mfukoni. Mtu aliyebanwa katikati ya mchepuko hana duka la dawa la kukimbilia.

Jambo moja kuhusu joto, na hili nalisema kwa ukali. Usimwache mtoto kwenye gari. Wapo wazazi ambao wakiona foleni haisogei hupaki pembeni na kukimbia kununua kitu, mtoto amelala kiti cha nyuma. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa takribani nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi kitu. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara tatu au zaidi kuliko wako. Mchukue, hata kama ataamka analia.

Hasira nayo. Bodaboda amekugonga kioo cha pembeni na kutokomea, mwenye bendera ameruhusu upande wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, daladala imepanda juu ya tuta la udongo na kuja kukuchomekea mbele. Mwili wako hauna namna ya kutofautisha hilo na kushambuliwa na simba. Adrenalini inamwagwa, moyo unakimbia, mishipa inakaza, presha inapanda. Tofauti ni kwamba mbele ya simba ungekimbia na ukishafika salama ungetulia. Hapa umekaa.

Watafiti wa Ujerumani, eneo la Augsburg, waliwafuatilia watu 691 waliopona shambulio la moyo na kuwauliza walikuwa wapi kabla ya tukio. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004: uwezekano wa shambulio ulikuwa karibu mara tatu zaidi katika saa moja baada ya mtu kuwa barabarani kwenye magari. Haikuwa kwa wenye magari binafsi tu, wa mabasi na wa baiskeli walikuwemo. Kama ni moshi, kelele au mawazo, pengine ni vyote kwa pamoja. Kwa kijana mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo sana. Kwa mzee wa miaka 60 mwenye presha, kisukari na sigara, si ndogo.

Dawa ya bure ni pumzi. Vuta hewa kwa pua taratibu, uhesabu hadi nne, itoe taratibu zaidi, uhesabu hadi sita. Fanya hivyo dakika tatu hadi tano, mikono ikiwa imelegea kwenye usukani. Mapigo ya moyo hushuka kweli, unaweza kuyapima mwenyewe shingoni. Ni bora kuliko honi. Honi haijawahi kuhamisha greda.

Mgongo nitaupitia kwa haraka kwa sababu nimeuandikia mara nyingi. Toa pochi mfuko wa nyuma, kiti kisilale sana wala kisisimame wima kabisa, magoti yakunjike kidogo hata mguu ukiwa umekanyaga breki hadi mwisho. Chezesha vifundo vya miguu kila gari linaposimama ili damu isilale kwenye mishipa ya miguu, hasa kama ni mjamzito au umefanyiwa upasuaji hivi karibuni. Mjamzito afunge mkanda, wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, si katikati ya tumbo.

Na nikishamtaja mjamzito, kuna jambo ambalo kila familia iliyo ng'ambo ya kipande cha ujenzi inapaswa kulijadili mezani kabla halijatokea. Ule umbali mliouzoea kwenda hospitali si umbali tena. Njia iliyokuwa dakika 25 inaweza kuwa saa moja na nusu, na gari la wagonjwa halina mahali pa kupita pale ambapo upande mmoja ni shimo na mwingine ni koni. Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, mwenye presha ya mimba, au mwenye mapacha, wiki za mwisho ahamie kwa ndugu aliye upande wa hospitali. Wengine wote wajue kituo cha afya kilicho upande wao wa ujenzi, wajue kinachofanya kazi usiku, na wawe na namba ya mtu mwenye gari. Chupa ikivunjika au damu ikionekana, msisubiri uchungu ukolee ndipo mtoke.

Hivyo hivyo kwa kiharusi. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika ghafla, hesabu imeanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na foleni inaweza kuzila mbili. Usisubiri kuona kama atapata nafuu akilala.

Wewe uliye kwenye foleni na ukasikia king'ora nyuma yako, mahali pa kupisha pakiwa hakuna, bado pana jambo. Usiliache gari la mbele yako libane bampa kwa bampa na lako. Ukiacha nafasi ya nusu gari tangu mwanzo, kila mmoja anaweza kukunja kidogo na njia ikapatikana. Nimewahi kukaa ndani ya gari la wagonjwa, mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, mtungi ukisoma robo, na mbele yetu magari kama 30 yaliyobanana hivyo kwamba hata aliyetaka kutupisha hakuweza. Kibarua mmoja wa barabarani ndiye aliyehamisha koni kwa mikono yake, akatupitisha juu ya moramu iliyokuwa bado haijashindiliwa.

Dereva wetu alitoa jiwe lake siku ya tano. Alilileta limefungwa kwenye karatasi ya risiti, dogo kama punje ya mchele. Siku hizi ana chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni ya gia, ameichora mistari kwa kalamu, na kila mstari umeandikwa jina la kituo.